Unaogopa ng'ombe, huogopi kalamu

Shangazi,

Nakusalimu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Majibu yako huwa nayasoma kwenye simu nikisubiri wateja. Leo zamu imenifikia mimi.

Nina miaka 36. Niliolewa mwaka 2011 katika Kanisa la Uganda, baada ya wazee wa upande wa mume kuleta ng'ombe saba, mbuzi watatu na pesa kidogo kwa baba yangu. Mume ni dereva wa trela. Anapakia Mombasa, anapita hapa kwetu, anaendelea Kampala hadi Juba. Tuna watoto watatu: mvulana wa miaka 13 aliye P.7, darasa la saba, msichana wa miaka tisa, na kitinda mimba wa miaka minne.

Nilianza kusikia mwaka 2021 kwamba ana mwanamke Elegu, pale mpakani na Sudan Kusini. Nikanyamaza. Mwaka jana nikaona picha ya mtoto kwenye simu yake, uso wa binti yangu mtupu. Nilipouliza hakukana. Akasema, "Huyo naye ni mke." Tangu Pasaka ya mwaka jana hajalala nyumbani. Akipita, trela inasimama kwenye foleni ya mpakani, karibu na mlango wangu, naye analala kwenye kebini. Watoto wanaitambua kwa turubai lake la kijani. Yule mdogo huipungia mkono.

Nimechoka, nataka talaka. Lakini kaka yake mkubwa ameshatangaza kwamba nikiondoka, ng'ombe saba warudi pamoja na waliozaliwa, na mvulana wangu apelekwe kijijini kwa bibi yake kwa sababu ni wa ukoo. Jumamosi ya wiki ijayo kuna kikao cha wazee. Ng'ombe wenyewe hawapo. Kaka yangu aliwaolea mke mwaka uliofuata. Mama ananiuliza, "Ukitoka huko, mke wa kaka yako naye tumrudishe kwao?" Sina jibu.

Jambo jingine ni nyumba. Kiwanja tulinunua 2013, mkataba una jina lake na muhuri wa LC1, baraza letu la kijiji. Hati miliki hatuna. Nyumba kubwa alijenga yeye. Vile vyumba vinne vya nyuma vya kupangisha, mizigo kama tunavyoita huku, nilijenga mimi kati ya 2016 na 2018 kwa pesa ya mukene, dagaa ninaouza. Kila chumba kinatoa shilingi 60,000 kwa mwezi. Sasa amepata mnunuzi wa milioni 48, anasema mimi atanipa milioni tano nikapange mahali. Jumanne jioni mwenyekiti wa LC1 alikuja na karatasi nisaini kwamba nimekubali. Nilishika kalamu, ikagoma. Mwenyekiti akaitikisa, akaijaribu kwenye kiganja chake, na hapo hapo mteja akaniita nimpimie mukene. Niliporudi nikasema nitasaini baada ya kikao. Kusema kweli nyumba siitaki tena. Achukue, mradi ng'ombe wasahauliwe na niachiwe watoto wangu.

Na kuna mkopo wa SACCO. Mwaka 2022 alikopa milioni sita za gari la teksi, mimi nikawa mdhamini. Ana miezi mitatu hajalipa, na watu wa SACCO wanakuja kukaa kwenye kibanda changu. Je, nikiachika deni linaniacha?

Mama wa Watatu, Busia

*

Mwanangu Mama wa Watatu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kuishukuru ile kalamu iliyokauka. Unaogopa ng'ombe ambao sheria imekwisha kuwafungia zizi, na huogopi karatasi inayoweza kukutoa kwenye nyumba yako kwa dakika moja. Hebu tubadilishe hofu hizo mahali.

Nianze na ng'ombe kwa kuwa ndio wanaokunyima usingizi. Jirani zako wa Tororo, shirika la kutetea wanawake la MIFUMI lililoanzia huko huko kijijini, walipeleka suala la mahari mahakamani mwaka 2007. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwezi wa nane 2015 majaji wakaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ivunjike ni kinyume cha Katiba. Walitegemea kifungu cha 31, kinachosema mume na mke wana haki sawa wanapoingia katika ndoa, wakiwa ndani yake na inapovunjika. Kutoa mahari hawakukataza, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mahakama iliharamisha mila. Walichofunga ni safari ya kurudi. Kwa hiyo shemeji yako akizitaja ng'ombe saba na ndama wao, anadai kitu ambacho mahakama haiwezi kumpa. Anaweza kupiga kelele, na kelele za ukoo najua zinavyouma, lakini mke wa kaka yako hatoki kwake kwa sababu yako. Mwambie mama hivyo, na umwambie taratibu. Nadhani hofu yake haiko kwako, iko kwenye nyumba ya mwanawe wa kiume, na hakuna aliyewahi kumweleza.

Sasa kalamu.

Nchini kwetu, ardhi ambayo familia inaishi juu yake na kupata riziki kutoka kwake inaitwa ardhi ya familia. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inasema mume hawezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuigawa bila ridhaa ya mke, na mke vivyo hivyo bila ya mume. Jina lililo kwenye mkataba halibadilishi neno hapo. Kukosa hati miliki hakubadilishi pia. Hata ardhi ya kimila imo. Akiuza bila wewe, mauzo hayana nguvu, na mnunuzi aliyetoa pesa kwa nia njema atamdai aliyemuuzia. Ndiyo maana mwenyekiti alikuja na karatasi mkononi. Unafikiri alitembea jioni ile kukuletea habari? Bila saini yako mnunuzi mwenye akili hatoi milioni 48. Saini yako ndiyo mali pekee ambayo mumeo hawezi kuichukua usiku, nawe ulikuwa unaitoa bure kati ya mteja na mteja.

Sikucheki. Mimi mwenyewe niliwahi kusaini karatasi za benki moja nikiwa nimesimama, mtoto mgongoni, kwa sababu karani alisema ni utaratibu tu. Nilikuja kuzisoma miaka miwili baadaye, zilipokwisha kuwa na mdomo wa kunisemea.

Basi kabla ya kikao, andika barua fupi. Sema wewe ni mke halali, unaishi hapo na watoto, hujaridhia kuuzwa kwa kiwanja hicho wala hutaridhia mpaka mahakama iamue. Toa nakala nne: kwa mwenyekiti wa LC1, kwa kamati ya ardhi ya eneo, kwa ofisi ya ardhi ya wilaya, na moja ubaki nayo wewe, ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukimjua mnunuzi, naye apate yake. Akishajua hawezi tena kusema alinunua kwa nia njema. Kama kiwanja kingekuwa na hati ningekwambia uweke zuio kwenye usajili, na zuio la mke kwa ardhi ya familia halifi kwa kupitwa na muda kama mengine. Hati hamna, kwa hiyo karatasi zenye mihuri ndizo zuio lako, na mumeo akizidi kusukuma, mwanasheria aombe amri ya mahakama ya kusimamisha mauzo.

Kuna mtego mmoja hapa ambao wanawake wengi huingia wakitafuta amani. Kinga hiyo ya kukaa kwenye ardhi ya familia ni ya mke aliye ndani ya ndoa. Sheria yenyewe inasema haiwahusu waliotengana kisheria. Wazee wakikuletea Jumamosi karatasi ya "kutengana kwa amani" mgawane vyombo, usiiguse. Mali izungumzwe pamoja na talaka, mbele ya hakimu. Wala usihame. Najua mlango ule unakuumiza ukisikia trela ikipiga breki, lakini kaa.

Unasema nyumba huitaki. Labda huitaki leo. Kodi ya mizigo minne ni shilingi 240,000 kila mwezi, na hizo milioni tano anazokupa zinalingana na kodi ya miezi kama 21 tu. Baada ya hapo watoto watatu watakula nini?

Kuhusu mgawanyo, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ndoa peke yake haikupi nusu ya kila kitu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali ya mmoja haigeuki kuwa ya wawili kwa sababu tu walifunga ndoa. Mahakama inatazama nani alichangia nini. Lakini mchango si pesa peke yake. Kulea, kupika, kusimamia mafundi wakati mwenzako yuko Juba, vyote huingia kwenye mizani. Kwa upande wako pesa nazo zipo. Swali ni kama unaweza kuzionyesha.

Wauza mukene ninaowajua wana daftari. Lile la kurasa zilizojikunja, lenye magamba yaliyokaukia kwenye jalada, ambamo "mabati 20" yameandikwa chini ya "deni la Mama Aisha". Kama unalo la miaka ile, 2016 hadi 2018, litoe chini ya godoro leo. Tafuta risiti za saruji na mabati hata zilizofifia, zipige picha kabla hazijafutika kabisa. Fundi aliyejenga yuko wapi? Nani alimlipa kila Jumamosi jioni? Wapangaji wa kwanza walimlipa nani kodi? Hao ndio mashahidi wako. Omba kampuni ya simu taarifa ya mobile money ya miaka hiyo. Piga picha mkataba wa kiwanja ukiupata, na majina ya mashahidi waliosaini chini yake. Karatasi hizi usizilaze nyumbani. Mpe mtu mmoja unayemwamini, asiwe wa ukoo wa mume.

Talaka yenyewe. Ndoa ya kanisani haivunjwi na kikao cha wazee, wala LC1, wala mume kusema "nimekuacha" akiwa amening'inia dirishani mwa trela. Inavunjwa na mahakama, na kwa watu kama nyinyi hakimu mkuu au hakimu wa daraja la kwanza ana mamlaka. Si lazima uende Mahakama Kuu. Zamani mwanamume alihitaji uzinzi tu, mwanamke alitakiwa kuongeza ukatili au kutelekezwa juu yake. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilifuta ubaguzi huo baada ya mawakili wanawake wa FIDA Uganda kushitaki. Kwa hiyo yule mtoto wa Elegu, na yale maneno "huyo naye ni mke", vinakutosha. Na ulijue hili: aliyefunga ndoa ya kanisa hana nafasi ya mke wa pili kisheria. Kutelekezwa usikutegemee kwa sasa, maana huhesabiwa kuanzia miaka miwili na wewe hujaifikisha.

Hapa nikutahadharishe na jambo ambalo wazee hawalijui. Mke akishajua uzinzi, akamsamehe mume na wakarudi kuishi kama mke na mume, mahakama inaweza kusema kosa lilisamehewa, ombi likaanguka. Wakikuambia Jumamosi, "Leo alale nyumbani, mambo yaishe," hiyo si chai ya kunywa kwa adabu tu. Kama moyo wako unataka kumsamehe kweli, hilo ni lako na sitakuzuia. Kama hutaki, usikubali kwa aibu ya wageni. Na hata ungetaka, mwanangu, nenda kwanza kituo cha afya upime damu. Hilo nalisema mara moja tu.

Mahakama ikiridhika hutoa amri ya awali, na ya mwisho haitolewi kabla ya miezi sita kupita. Katikati hapo bado ni mke wa mtu, usikubali posa. Kesi ikiendelea unaweza kuomba matunzo yako. Sheria imeweka kikomo, yasizidi moja ya tano ya wastani wa kipato halisi cha mume kwa miaka mitatu iliyotangulia. Kwa hiyo jumbe za simu za pesa anazotuma, na unachojua kuhusu malipo yake ya kila safari, viandike.

Utahitaji cheti cha ndoa. Kama amekificha kwenye sanduku lake, usigombane naye. Uliza kanisani, kisha uombe nakala iliyothibitishwa URSB, ofisi ya serikali inayosajili ndoa. Makanisa mengine huchelewa kupeleka taarifa zao huko, ndiyo maana nakwambia uanze mapema. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viko NIRA, ofisi ya serikali ya vitambulisho na usajili wa watu, kama walisajiliwa.

Wakili ni ghali, najua. Justice Centres Uganda, wanaotoa msaada wa kisheria, wana ofisi Tororo, na FIDA Uganda husaidia wanawake bure katika mambo haya. Nauli ya Tororo ni ndogo kuliko mukene utakaouharibu kwa mawazo.

Mvulana wako. Hakuna sheria inayosema mtoto wa kiume ni wa ukoo. Sheria ya Watoto inamtaka hakimu atazame kwanza maslahi ya mtoto, na mtoto wa miaka 13 mwenyewe husikilizwa. Yuko P.7, mtihani wa PLE, wa kumaliza shule ya msingi, ni mwezi wa 11. Nani atamweleza hakimu kwamba ni heri ahame shule sasa, akaishi na bibi ambaye hakumlea? Nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, mweleze tishio hilo kabla halijatekelezwa, aliandike kwenye faili. Matunzo ya watoto usiyasubirie talaka; unaweza kuyadai hata wiki hii, kwa sababu wajibu wa baba hautegemei analala wapi. Weka stakabadhi za ada za kila muhula, ionekane nani amekuwa akilipa. Lakini usimfungie baba yao mlango wa kuwaona. Yule mdogo anayepungia turubai, mwache apunge.

SACCO ndipo nisipokuwa na habari njema. Udhamini ni ahadi yako kwa SACCO, haukuwa sehemu ya ndoa, na talaka haiufuti. Acha kuwakwepa. Nenda ofisini kwao, omba taarifa ya deni kwa maandishi: limebaki kiasi gani, amana zake ni kiasi gani, mdhamini mwingine ni nani. Waambie kwa barua hudhamini nyongeza yoyote. Gari la teksi liko wapi? Kama bado linatembea, walifuate hilo kabla ya kibanda chako. Na muulize mwanasheria aliingize deni hilo kwenye hesabu za mgawanyo, ili ukilazimika kulilipa likatwe kwenye fungu lake. Ukiambiwa nyumba iliwekwa dhamana, uliza ni nani alisaini kama mke, maana Sheria ya Rehani ya 2009 nayo inadai ridhaa yako kwa nyumba mnayoishi.

Jumamosi nenda. Usijifiche, watasema umekimbia. Nenda na mtu mzima wa kwenu, mjomba au kaka, na kaka huyo huyo aliyeoa kwa ng'ombe wako ningependa awe yeye. Ni zamu yake kukusindikiza. Salimu, kaa, sikiliza mpaka mwisho. Wakifika kwenye ng'ombe, sema kwa upole kwamba jambo hilo liliamuliwa mwaka 2015, mwenye swali aende mahakamani. Wakitoa karatasi, iombe uende nayo nyumbani ukasome. Akitokea mtu akakunyoshea mkono, siku hiyo hiyo nenda polisi, kitengo cha familia na watoto, na upate karatasi ya daktari.

Kisha niandikie. Nataka kujua mwenyekiti alifanya nini na ile fomu yake, na kama safari hii alikuja na kalamu nzima.

Shangazi